Wimbo Unaokuja Mbele ya Kuanguka

Kaka yangu Selestini,

Unisamehe kwamba naanza bila salamu. Nikianza na salamu nitazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia, na mwisho nitafunga barua bila kusema kitu. Basi nasema sasa. Mimi naanguka kifafa. Hiyo watu wa hapa wanaijua, na pengine wewe umekwisha kuisikia kwa wenye kamyo. Jambo ambalo sijamwambia muntu hata mumoja, wala watawa wetu Ma Sœur, wala padri katika kitubio, ni hili: mbele ya kuanguka nasikia muziki, na muziki ule naupenda kuliko kitu chochote nilichopata maishani. Nikijua kwamba naenda kuanguka, kipande kimoja cha moyo wangu kinafurahi.

Nimesema.

Sasa salamu zenu. Hamujambo huko Ntoto? Mugongo wa Mama umepona, ao bado anainama kama muntu anayetafuta sindano? Papa angali anakwenda porini na nyavu, ao magoti yamekataa? Na watoto wa shule yako, wale wenye kukuiga ukipiga chafya, wanakutii? Mimi mwili ni muzima ukiutazama. Nakula. Ni baridi tu ya Masisi njo sijaizoea. Asubuhi ng'ombe zinapita chini ya misioni ndani ya ukungu, na pumzi yao inatoka kama moshi wa kiko cha bibi yetu Koko. Huko kwetu mvua inaanguka na tunajua ni mvua. Hapa inakaa hewani haitaki kushuka, inakulowesha polepole kama muntu anayekusengenya.

Ile barua ya mwezi uliopita, niliyoandika kwa Kifaransa na wewe ukawasomea wazazi kwa lugha yetu, uisahau. Zile Ma Sœur wanazisoma mbele ya kuzifunga. Nimejifunza kuandika «je me porte bien», niko muzima, hata siku ambayo meno yanagongana kwa homa. Vidole vinaandika vyenyewe. Hii naandika kwa Kiswahili, kwa sababu kwa Kiswahili nikidanganya najisikia. Nitaipitisha kwa musaidizi wa dereva wa kamyo, yule muntu wa Walikale anayemujua Papa. Usiisome kwa sauti. Mama umwambie tu niko.

Ilianza na ile homa ya musimu wa mvua, ile muliyoandikiwa kwamba nilikuwa «mugonjwa kidogo». Haikuwa kidogo, kaka. Shingo ilikakamaa kama muti. Walinishusha kwa kipoyi, mabegani mwa wanaume, mpaka hospitali ya Kirotshe kando ya ziwa, na ya kule sikumbuki kitu isipokuwa mwangaza wa ziwa uliokuwa unachezacheza juu kwenye dari. Watu wamenieleza baadaye kwamba Dokta aliwaambia Ma Sœur waniombee. Waliomba, nikapona, nikarudishwa misioni na kichwa kimenyolewa, miguu kama ya korongo. Kwa kuwa sikuweza kubeba kuni na wengine, nilipewa kazi ya kupangusa vitu vya kanisa: vinara, viti, na kinanda kile cha kukanyaga kwa miguu.

Tulikuwa wawili katika kazi ile. Mwenzangu alikuwa Domitila, binti wa wafugaji wa Kirolirwe, murefu, mwenye kucheka hata kwenye maziko. Yeye njo rafiki wa pekee niliyepata hapa. Unanijua mimi: mbele ya watu ulimi unakauka. Domitila alikuwa anaongea kwa ajili yetu sisi wawili.

Siku hiyo alikuwa anafagia chini ya viti, mimi napangusa meno ya kinanda. Nikagusa moja. Likalia, na mara moja nikajua lile linalolifuata liko wapi, kama vile unavyojua mahali pa mulango wa nyumba yenu katika giza. Nikakaa. Nikakanyaga. Wimbo wa masifu ya jioni ukatoka wote, sauti ya juu na ya chini, na mikono yangu ilikuwa inatembea kama ya muntu mwingine.

Domitila aliacha ufagio.

«Veronika, nani alikufundisha hiyo?»

«Hakuna.»

«Hakuna njo nani? Iko mutoto wa wapi?»

«Nasema hakuna muntu.»

«Wewe ambaye hata "Amina" unaitoa kando ya njia? Funga hiyo kitu haraka. Ma Sœur akifika atasema tumefungulia shetani.»

Kaka, wewe njo ulikuwa unanipanga nyuma katika kwaya ya Ntoto na kuniambia nifungue kinywa tu nisitoe sauti. Ulikuwa na haki. Sauti yangu hata sasa ni ile ile, ya mbuzi aliyefungwa. Kitu kilichokuja hakikuja kwenye koo.

Ma Sœur Godelieve, muzee anayefundisha nyimbo, alikuwa amesimama kwenye mulango wa sakristia. Hakukasirika. Alinisukuma kidogo kwenye kiti, akapiga mara moja wimbo wa kwao Ulaya, ule ambao mama yake alikuwa anawabembelezea nao, akaniambia: «Rudisha.» Nikaurudisha. Nikaongeza na sauti ya chini ambayo yeye hakuipiga, lakini ilikuwa imo, inasikilika kama maji yanayopita chini ya mawe. Alivua miwani akaifuta, halafu akaifuta tena na ilikuwa imekwisha kuwa safi. Toka siku hiyo mimi njo nilikuwa napiga kinanda kila Jumapili, na wasichana waliokuwa wananiita «mutoto wa pori» walianza kunipa nafasi karibu na moto.

Dokta alipopanda kutoka Kirotshe kutazama wagonjwa, Ma Sœur alimweleza. Alinipiga-piga magoti na nyundo ndogo, akanitazama macho, akasema na mimi kwa Kiswahili chake cha kambini.

«Kichwa yako iko kama shamba. Moto ilipita. Nafasi moja imeungua, basi. Pembeni yake majani mupya inaota, ile haikukuwa mbele. Iko hivyo wakati moja moja. Mimi hapana jua kwa nini.» Halafu akaninyooshea kidole. «Lakini pengine moto haijazimika yote. Ukisikia kitu ya ajabu, useme.»

Nilikuwa nasikia tayari. Sikusema.

Maana mimi nilijua kitu kingine ambacho Dokta hakukijua. Nilimukumbuka Papa Mudogo, yule mudogo wa Papa. Wewe ulikuwa mukubwa, ulikuwa unakaa na wanaume wakati anaimba ile hadithi ndefu ya babu zetu usiku hata usiku, na njuga mukononi, na watu wanamumiminia kasiksi, pombe ya ndizi. Sisi wasichana tulikuwa nyuma ya ukuta wa majani tunasikiliza. Na niliona, kaka, kwa tundu la ukuta, siku ile alipokatika katikati ya neno, akasimama anasikiliza kitu, uso wake umekuwa mutamu kama wa mutoto anayenyonya, halafu akaanguka. Hakuna aliyekimbia. Wazee walimulaza kando, walimufunika, wakasema roho ya hadithi imekuja kukaa naye kidogo. Na alipoamka aliimba kipande ambacho hakuna muntu alikuwa amekisikia. Nyumbani hiyo haikuitwa kifafa. Na haikuwa ya wasichana.

Sasa nikuelezee namna inavyokuja, kwa sababu nikikufa nayo hakuna atakayejua. Kwanza nasikia ngoma mbali sana, kama ile ya kutangaza msiba ng'ambo ya muto. Halafu kila kitu kinachonizunguka kinapata sauti yake: maji ndani ya ndoo, punda wa misioni, hatua za watu. Havilii ovyo. Vinaitikiana. Halafu wanawake wengi wanaingia, hawana maneno, na nasikia kwamba vyote vilikuwa wimbo mumoja toka mwanzo, ni sisi tu tulikuwa hatusikilizi. Nafika karibu, karibu kabisa ya mahali ambapo ningeelewa. Hapo giza. Naamka udongo kinywani na nguo imelowa, na naona haya sana. Lakini siku inayofuata nikikaa kwenye kinanda, vidole vinaokota vipande vya kile nilichosikia.

Mara za kwanza nilikuwa peke yangu katika shamba la maharagwe. Mara iliyonifunua ilikuwa kwenye mazoezi ya kwaya, kanisani. Kuna wimbo mumoja ambapo sauti za chini zinaingia polepole chini ya zile za juu. Zilipoingia, ngoma ya mbali ikaanza. Nilipaswa kusimama, kutoka. Sikutoka. Nilitaka kuisikia.

Unajua wanavyosema hapa juu ya muntu anayeanguka. Mate yake yakikugusa, umepata. Akijamba ukiwa karibu, umepata. Wameniambia kwamba wote walikimbia mpaka nje, wengine kwa dirisha, na mukubwa wa dortoir yetu ya kulala alikuwa anapiga kelele: «Musimuguse! Mutu asimuguse!» Na mimi kichwa changu kilikuwa kinapiga kwenye kanyagio la kinanda. Domitila alirudi. Alikaa chini, akaweka kichwa changu juu ya mapaja yake, akanifuta povu kwa kitambaa cha kichwa chake mwenyewe, halafu akakifunga tena kichwani. Hiyo ya kukifunga tena njo hawakumusamehe.

Toka jioni ile sahani yetu sisi wawili ilitengwa. Mimi nilihamishiwa hapa, chumba kidogo cha dispensaire, nyumba ya dawa. Yeye walimwacha katika dortoir, lakini walivuta vitanda vyao vyote upande mwingine. Ma Sœur walikemea, walieleza kwa Kifaransa na kwa Kiswahili kwamba ugonjwa huu hauambukizi. Wasichana waliitikia «ndiyo Ma Sœur», na kesho yake wakasogeza vitanda tena.

Domitila alikuja kwenye dirisha langu. «Mimi sasa iko na nafasi kama mwami wa nchi,» aliniambia. «Naweza kulala miguu upande gani nataka.» Alicheka. Lakini macho yake yalikuwa mekundu.

Halafu habari ilifika Kirolirwe, sijui kwa mudomo wa nani. Papa yake alikuja mwenyewe na fimbo yake ya kuchungia, muntu muzuri wa kutazama, sauti ya chini. Alisimama uani na Ma Mère, mukubwa wa misioni. Nilikuwa nasikia yote kutoka hapa.

«Mama, wewe unasema haiambukize. Mimi naamini wewe. Lakini nani ataleta ng'ombe kwa binti ambaye watu banasema alifuta kifafa na kitambaa yake? Utakuja wewe kuoa yeye?»

Domitila alitoka na kifurushi chake. Alipopita kwenye dirisha langu alisimama. Nilimwambia anisamehe. Nilimwambia, kwa mara ya kwanza nikataka kumwambia muntu, kwamba si ugonjwa tu, kuna kitu kizuri ndani yake. Hakuniacha nimalize.

«Veronika, sikia. Mimi sikukushika kwa sababu ya kinanda. Nilikushika kwa sababu niliona unakufa. Bakikupa dawa, meza.»

Papa yake alimwita. Alikwenda.

Baada yake hakukuwa tena muntu wa kunishika. Nilianguka katika chumba cha kupigia pasi, na pasi ya makaa ikaanguka nami. Nimeungua mukono wa kushoto. Kidole cha mwisho hakikunjiki vizuri. Hapo njo nilimukumbuka Papa Mudogo kwa namna nyingine. Nilikumbuka ule mukono wake uliokaangika motoni, umekuwa kama muzizi, na kwamba mwaka huo huo aliacha kushika njuga, na kwamba sasa anakaa nyuma ya nyumba ya Koko na watoto wanamutupia maganda ya ndizi. Roho ya hadithi ilipotaka kukaa naye haikumwuliza kama amekaa karibu na moto ao mbali.

Dokta alileta kinini nyeupe, dawa ya kuzuia kuanguka. Moja kila siku saa ya chakula cha mchana, bila kukosa, pengine kwa maisha yote. Anayenipa ni Ma Sœur Alfonsa wa dispensaire. Anasimama mpaka nimeze. «Fungua kinywa. Inua ulimi. Vizuri.» Si mubaya, ana wagonjwa wengi na miguu inamuuma.

Na kinini inafanya kazi, kaka. Sijaanguka tena. Usingizi ni muzito. Asubuhi naamka na kichwa kimetulia kama chumba ambacho watu wamehama. Nilikwenda kwenye kinanda. Nilijua nyimbo zile kwa kukumbuka, kama vile unavyokumbuka majina ya vituo vya barabara, lakini jino moja halikuniambia tena mwenzake yuko wapi. Nilitafuta na macho. Nilikosea. Wasichana walikohoa. Ma Sœur Godelieve alifunga kitabu taratibu, akasema tutaendelea kesho, na kesho yake alisema hivyo hivyo.

Sasa nakuambia mahali nilipo leo. Monseigneur, askofu wetu, anakuja Jumapili kubariki kanisa, na wageni wengi, na Ma Sœur Godelieve alikuwa amewaandikia mbele juu ya «musichana wa pori anayepiga kinanda». Jana alinikuta hapa peke yangu. Alikaa kwenye kitanda, akaongea Kifaransa, sauti ya chini. Alisema kwamba dawa hii ikiachwa siku chache, inatoka katika damu. Alisema mugonjwa anaweza kuificha kati ya shavu na ufizi. Halafu akaweka mukono juu ya uso.

«Sikuambii ufanye,» alisema. «Siwezi kukuambia hivyo, ni dhambi. Nakuambia tu kwamba ulipokuwa unapiga nilisahau kwamba mimi ni muzee na kwamba nitakufa mbali na kwetu.»

Nilimuhurumia sana. Nilitaka kumwambia: «Nami pia, Ma Sœur.»

Kama ni kufanya, inapaswa kuanza leo, mchana huu, ili dawa iwe imetoka Jumapili. Na usiku kucha sikuwaza Monseigneur hata kidogo. Niliwaza mahali pale pa karibu na kuelewa. Niliwaza kwamba safari hii pengine ningefika.

Ningependa uende kwa Papa Mudogo, umupelekee tumbaku, ukae karibu naye upande wa sikio lake zima, umwulize kwa ajili yangu: kama zamani wangempa kinini hii, mbele ya kuungua, angeimeza? Usimwambie ni mimi nauliza. Ao mwambie. Atajua. Lakini kamyo inakwenda polepole na barabara ya Walikale imekatika na mvua, na jibu lake litanikuta nimekwisha kuchagua zamani.

Kwa hiyo nakuambia nilichochagua, ili muntu mumoja duniani ajue kwamba sikukichagua kwa furaha. Nitameza. Si kwa sababu nimepona kuutaka muziki ule. Nautaka hata ninapoandika. Nitameza kwa sababu Domitila yuko Kirolirwe anakamua ng'ombe za papa yake na hakuna anayekuja kumuposa, na nikianguka mbele ya Monseigneur atakuwepo tena musichana mumoja mujinga mwenye moyo muzuri atakayerudi kunishika. Sitaki arudi. Jumapili nitakaa viti vya nyuma. Kwa Ma Sœur Godelieve sijui nitasema nini. Pengine nitamupangusia kinanda vizuri sana, halafu nitatoka.

Umusalimie Mama, na umwambie nakula. Umusalimie Papa na wenzake wa nyavu. Umusalimie Koko, na shemeji yangu muke wako pamoja na mutoto ambaye sijamwona. Umusalimie mwalimu wa dini aliyeniombea nafasi hapa, usimueleze kitu. Na Papa Mudogo umushike ule mukono, ule wa kuungua, usione kinyaa.

Ni mimi mudogo wako Veronika, anayekupenda na—

Viatu vya Ma Sœur Alfonsa vinakuja kwenye ukumbi. Kikombe kinagonga sahani katika mukono wake. Zamani ningejua ni sauti gani, na ipi inaifuata. Nasikiliza sana, kaka. Ni kikombe tu. Naficha karatasi chini ya—